MGENI WA CHUO KIKUU NA APEWE JEMBE



Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Aghalabu methali hii huelekezwa kwa jamaa aliyekuja kutujulia hali akasahau kurudi kwake. Leo naielekeza kwa mgeni wa namna nyingine: kijana wa Chuo Kikuu, asomaye fizikia, kemia, elimu ya viumbe au uhandisi, anayeingia katika darasa la watoto wa shule ya msingi ili kusaidia somo la sayansi kwa vitendo. Utaratibu huu umejaribiwa katika nchi kadhaa na umezaa matunda. Hata hivyo, kabla hatujaupigia makofi, yafaa tutazame mgeni huyu apokewe vipi. Kwani anaweza kuja akawatumbuiza watoto saa moja kisha akaenda zake, au akaja akashika jembe pamoja na mwalimu. Tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo habari yetu ya juma hili.

KUJUA JINA SI KUJUA KITU

Mwite mtoto wa darasa la tano akueleze maana ya mvukizo. Yumkini atasimama wima na kuikariri sentensi aliyoinakili ubaoni, bila kukosea hata neno moja. Kisha jioni, mama anapoanua nguo kambani, muulize mtoto yule yule: maji yaliyokuwamo katika shati hili asubuhi yamekwenda wapi? Mmoja atasema yameanguka chini, mwingine atasema yameliwa na jua, wa tatu atanyamaza. Jina wanalo, kitu chenyewe hawajakutana nacho.

Wenzetu wanajeshi hawahitaji kuhubiriwa jambo hili. Hakuna mkufunzi amfundishaye kuruti kufungua na kufunga bunduki kwa chaki na ubao peke yake. Kuruti hupewa silaha mkononi, akaifungua, akaifunga, akakosea, akarudia, mpaka vidole vyake vikaijua hata gizani. Nao polisi wanajua kwamba uvumi wa sokoni hauwi ushahidi mbele ya hakimu; lazima mtu aende mahali penyewe, atazame, apime, na aandike alichokiona. Sayansi haina siri kubwa kupita hiyo. Ni kuuliza, kukisia jibu, kujaribu, kutazama kwa makini, kuandika, kisha kulinganisha kisio na yaliyotokea. Yale tunayoyadai kwa kuruti na kwa askari mpelelezi, mbona hatuyadai katika darasa la mtoto?

Wala hili si jambo dogo kwa familia zetu. Hapa Uganda sayansi ni moja kati ya masomo manne ya mtihani wa kumaliza darasa la saba. Watoto wetu nao huhama kila baba au mama apatapo uhamisho. Mwaka huu wako kaskazini, mwaka kesho magharibi. Wakifika shule mpya hukuta walimu wengine na maelezo mengine ubaoni. Mtoto aliyezoea kukariri huanza upya. Aliyezoea kuuliza na kujaribu huendelea alipoishia, kwa kuwa desturi hiyo amekuja nayo.

YALIYOTOKEA UFARANSA

Mtu aliyelisukuma sana jambo hili huko Ufaransa ni mwanafizikia Georges Charpak. Alizaliwa mwaka 1924 katika sehemu iliyokuwa nchi ya Poland wakati ule, akahamia Ufaransa akiwa mtoto. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alijiunga na wale waliowapinga Wajerumani, akakamatwa, na mwaka 1944 akapelekwa katika kambi ya mateso ya Dachau, ambako alinusurika. Mwaka 1992 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa kubuni vyombo vya kunasa nyayo za chembe ndogo mno za maada. Mtu wa sifa kama hizo angeweza kukaa na kustarehe. Yeye alikwenda kutazama madarasa ya watoto wadogo.

Mwaka 1995 alifika Chicago, Marekani, ambako mwanafizikia mwenzake, Leon Lederman, mshindi wa Nobel wa mwaka 1988, alikuwa akihimiza kwamba watoto wa mitaa ya watu maskini wafundishwe sayansi kwa kushika vitu. Charpak aliporudi nyumbani, yeye na wenzake wawili, Pierre Léna na Yves Quéré, wakiungwa mkono na Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, walianzisha mwaka 1996 mpango ulioitwa La main à la pâte. Maana ya jina hilo ni mkono ndani ya unga unaokandwa. Walianza na madarasa yapatayo 350.

Kanuni zao zilikuwa chache na wazi. Watoto washughulike na kitu halisi kilicho karibu nao. Wabishane kwa hoja, kisha wajaribu. Kila juma zitengwe walau saa mbili kwa mada moja, na mada hiyo iendelee majuma kadhaa. Kila mtoto awe na daftari lake la majaribio, aandike kwa maneno yake mwenyewe. Jamaa na majirani washirikishwe. Na vyuo vikuu vilivyo karibu na shule viwasaidie walimu.

Hapo ndipo mwanafunzi wa chuo alipopata nafasi yake. Walimu wengi wa shule za msingi za Ufaransa hawakuwa wamesomea sayansi katika vyuo walivyopitia. Waliliogopa somo lenyewe, na zaidi waliyaogopa maswali ya watoto. Basi wanafunzi wa sayansi na uhandisi wakaombwa wawe bega kwa bega nao, nusu siku kwa juma, kwa majuma mfululizo. Na hapa wasomaji wetu wa jeshini watafurahi kusikia kwamba miongoni mwa waliojitokeza mapema walikuwamo wanafunzi wa École polytechnique, chuo cha uhandisi kilichoanzishwa mwaka 1794, ambacho kiko chini ya Wizara ya Majeshi, na wanafunzi wake Wafaransa wana hadhi ya kijeshi. Hebu fikirieni kijana wa namna hiyo akiinama pamoja na watoto wa miaka minane, wakipima vivuli vya vijiti uani.

MWALIMU NDIYE MWENYE NYUMBA

Waliouandika utaratibu wa msaada huo walitilia mkazo jambo moja kupita yote: mwalimu haondolewi katika nafasi yake. Yeye ndiye ajuaye watoto, ndiye atunzaye nidhamu, ndiye apangaye somo, na ndiye atakayebaki mgeni akishakwenda. Mwanafunzi wa chuo hachukui chaki. Kazi yake ni kumsaidia mwalimu kuandaa vifaa, kumwondolea wasiwasi kabla ya somo kwa kumjibu yale asiyokuwa na hakika nayo, kuketi na kikundi kimoja cha watoto baada ya kingine, na kuwauliza: mnadhani itakuwaje? Mmeona nini? Mtajuaje kuwa ni kweli?

Tuchukue somo la umeme wa tochi. Kila kikundi cha watoto wanne hupewa betri moja, glopu moja na kipande kimoja cha waya, wakaambiwa waiwashe glopu. Wengi huanza kwa kuigusisha glopu kwenye upande mmoja wa betri, wakidhani umeme hutiririka kama maji ya bomba yanavyoingia ndooni. Haiwaki. Hugeuza betri, haiwaki. Hupiga kelele, hulaumiana, hujaribu tena, mpaka mmoja wao atakapogundua kwamba lazima pawepo njia ya mviringo: kutoka ncha moja ya betri, kupitia glopu, kurudi ncha ya pili bila kukatika. Glopu ikiwaka, darasa zima husikika hadi ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mgeni asiyefahamu kazi yake huunyakua waya ule dakika ya pili na kusema, "Nipeni niwaonyeshe." Glopu huwaka mara moja, watoto hushangilia, na hakuna aliyejifunza kitu. Mgeni ajuaye kazi yake huweka mikono yake nyuma na kungoja. Kungoja huko ndiko kulima.

Na asidhani mtu kwamba kijana wa chuo analijua kila jambo. Katika filamu ya mafunzo iliyotolewa Marekani mwaka 1997, vijana waliokuwa wakihitimu katika chuo mashuhuri cha MIT walipewa betri, glopu na waya, wakaombwa waiwashe. Baadhi yao walishindwa. Walikuwa wamepasi mitihani migumu ya umeme kwa hesabu na alama, ila hawakuwa wamewahi kuishika glopu mkononi na kujiuliza. Kwa hiyo ziara za darasani humfaa kijana wa chuo kama zinavyomfaa mtoto. Anayeulizwa na mtoto wa miaka tisa kwa nini mwezi hautuangukii, hana budi kuyatafuta maneno mepesi, na akiyatafuta atajua kama mwenyewe ameelewa au alikuwa amekariri.

Kuna onyo jingine kutoka Marekani. Huko, tangu mwaka 1999, palikuwa na mradi mkubwa wa serikali uliowalipa wanafunzi wa shahada za juu ili wasaidiane na walimu mashuleni. Mwaka 2011 mradi ulifikia kikomo. Fedha za namna hiyo huja na kuondoka. Shule ambayo mgeni alifanya kila kitu peke yake hubaki na makabati matupu, ilhali shule ambayo mwalimu alifanya kazi pamoja na mgeni hubaki na mwalimu aliye hodari zaidi.

SWALI LA KIJANA WA MAGAMBA

Wengine watasema kwamba mambo haya ni ya Wazungu wenye mali. Sivyo. Mfano mmoja mashuhuri kabisa wa mtu wa Chuo Kikuu kulisikiliza swali la mwanafunzi umetoka kwa jirani zetu wa Tanzania.

Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, aliyekuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Nafasi katika jokofu ilikuwa chache, naye akahofia kuikosa. Akatia maziwa yake yangali moto. Baadaye aliona kuwa yake yameganda, na ya mwenziwe aliyetia yasiyo moto bado. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena, akachekwa. Wakaiita fizikia ya Mpemba.

Ndipo akaja Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuwahutubia wanafunzi. Mpemba akasimama na kuuliza mbele ya wote. Wenziwe wakacheka. Osborne hakucheka. Hakuwa na jibu, lakini aliahidi kulijaribu, na aliporudi Dar es Salaam akalijaribu kweli. Mwaka 1969 wao wawili walichapisha habari hiyo katika jarida la elimu ya fizikia, na jina la Mpemba likaenea duniani. Wanasayansi hadi leo wanaendelea kubishana juu ya jambo lenyewe, lini hutokea na kwa sababu gani. Ubishi huo wenyewe waonyesha uzito wa swali la kijana aliyekuwa akigombea nafasi katika jokofu.

Angalieni, wasomaji, ni kitu gani mgeni yule alileta. Hakuleta mitambo. Alileta heshima kwa swali, na utayari wa kulipeleka kwenye jaribio. Lau naye angalicheka, swali lile lingalizikwa Iringa.

Zaidi ya hayo, katika miaka ya 1960 nchi zetu za Afrika Mashariki zilishiriki katika mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, ulioanza mwaka 1965, ukihusisha Uganda, Kenya, Tanzania na nchi nyingine. Vijitabu vyake vilitumia mbegu, mbu, mchanga na vitu vya kuokota. Kimoja kilihusu yule mdudu mdogo achimbaye vishimo mchangani ili kunasa sisimizi. Mtoto akiuliza mdudu anakula nini, alielekezwa akamuulize mdudu mwenyewe, yaani ajaribu na kutazama. Mtaalamu Eleanor Duckworth alikwenda Kenya kuupima mpango huo. Aliwaweka watoto katika chumba chenye vifaa mbalimbali, wakaachwa wafanye wapendavyo. Watoto waliosoma katika mpango ule walipata mengi zaidi ya kufanya, na kazi zao zilikuwa na mawazo mazito zaidi kuliko za wenzao. Basi mbegu hii si ngeni katika udongo wetu.

TUFANYEJE SISI?

Mimi niliyepata cheti cha ualimu kabla ya kukaa kwenye meza ya ofisi ya serikali naona mambo manne yaliyo katika uwezo wetu.

Kwanza, kambi nyingi zina shule ndani yake au jirani, na katika familia zetu wamo vijana wanaosoma sayansi Makerere, Kyambogo, Mbarara na kwingineko. Wakija likizo hukaa nyumbani majuma mengi. Kamati ya wazazi na iwaite, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na iwape darasa moja na mada moja hadi iishe. Likizo ya chuo haiendi sawa na ya shule kila mara. Siku ambazo shule imefunguliwa na chuo kimefungwa ndizo za kutumia. Kijana aje mara tano au sita, hata kama kila mara ni saa moja. Aliyekuja mara moja, akapigiwa picha na kuondoka, huyo bado ni mgeni wa siku mbili.

Pili, kila ziara itanguliwe na mazungumzo ya mwalimu na kijana peke yao, na vifaa vijaribiwe kabla watoto hawajaingia. Mwalimu asiaibishwe mbele ya wanafunzi wake. Ukimvunjia mwalimu heshima, umeharibu masomo yote, si la sayansi peke yake.

Tatu, vifaa visiwe vya gharama. Vizibo vya soda, makopo, chupa za plastiki, uzi, mishumaa, betri za tochi, mbegu na ndoo ya maji vyatosha kwa kazi ya muhula mzima. Kizibo cha soda kikiwekwa taratibu juu ya maji, uwazi wake ukielekea juu, huelea. Kikikunjwa kikabanwa, huzama, na chuma ni kile kile. Swali hilo moja ni kazi ya juma zima.

Nne, na hili nalisisitiza kwa sababu ya mahali tuishipo: usalama. Umeme wa ukutani usiguswe kwa jaribio lolote. Betri za tochi zatosha. Tindikali ya betri ya gari si ya watoto. Moto usiwashwe pasipo mtu mzima. Na chuma chochote kisichojulikana kilichookotwa karibu na uwanja wa mazoezi ya silaha kisiletwe darasani wala nyumbani. Kiachwe pale pale, na mtu mzima aarifiwe mara moja. Udadisi wa mtoto ni mali, lakini lazima uwe na mipaka inayojulikana.

JARIBIO LA JUMA HILI

Kwa wale wasio na kijana wa chuo karibu, anzeni nyumbani. Tafuteni makopo matatu yanayolingana. Katika kila kopo tieni kitambaa au pamba, na juu yake maharage matano makavu ya kupanda. Kopo la kwanza liacheni kavu, mliweke dirishani. La pili lilowesheni kidogo, mliweke dirishani pia. La tatu lilowesheni kiasi kile kile, kisha mlifungie ndani ya kabati au sanduku lenye giza. Makopo mawili yenye maji yaongezewe kidogo kila siku, yasikauke wala yasifurike.

Kabla ya kuanza, kila mtoto aandike katika daftari anadhani kila kopo litafanya nini, kisha aandike tarehe. Asisahihishwe. Kila jioni aongeze mstari mmoja: ameona nini, amepima urefu gani kwa rula. Baada ya siku kumi asome kisio lake mwenyewe na alilinganishe na maandishi yake, kama askari asomavyo daftari la matukio.

Wazazi watagundua kwamba kopo la kwanza na la pili hutofautiana kwa maji tu, na la pili na la tatu hutofautiana kwa mwanga tu. Kubadili jambo moja, na mengine kuyaacha yalivyo, ndio msingi wa jaribio la haki. Mtoto akistaajabia alichokiona katika kopo la giza, asikatizwe wala asiambiwe sababu upesi. Aulizwe tu, "Nawe wadhani ni kwa nini?" Asiyeuliza hana ajifunzalo, na anayeulizwa huanza kufikiri.

Majibu ya watoto yakusanywe, na kijana wa chuo atakapokuja likizo apewe daftari lile alisome kwanza, kabla hajaambiwa aketi. Hapo atajua shamba limefikia wapi, na aanzie wapi kulima.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia namna ya kuhifadhi maji safi ya kunywa katika nyumba zisizo na bomba ndani. Kwa herini.